Mawe ya Njia Panda

Nilipokuwa mtoto nililelewa na mwanamke aliyeokota maradhi ya watu njiani na kuyaleta nyumbani. Hivyo ndivyo watu wa kwetu walivyosema. Mimi nilisema anaokota mawe, na kwa hilo nilimdharau kuliko wao.

Niseme mapema kwamba mawe siyapendi. Nimestaafu uuguzi, ninakaa Singida mjini, na kuishi kwingi ni kuona mengi. Siku hizi wapo wasomi, watu wenye vyeti vyao ukutani, wanaoweka mawe yanayong'aa kando ya kitanda: hili la usingizi, lile la kuondoa huzuni, lingine eti la kuvuta mchumba. Mjukuu wangu mmoja ni katika hao. Alikuja likizo na kijimfuko chake, akayapanga juu ya meza yangu, nikamwambia ayaondoe kwa sababu pale tunakula. Akaniuliza, "Bibi, mawe yamekukosea nini?" Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili, kisha nikaenda kusimama jikoni mpaka ugali ukaungua. Yeye sikumweleza. Ninaeleza hapa.

Kwetu ni upande wa Issuna, nchi ya majabali na upepo. Mvua ikinyesha kwa nguvu huko, makorongo huchimbuka, na mchangani hubaki mawe meupe, mengine maangavu kabisa, unaona kidole chako upande wa pili. Wazee walisema hiyo ni mvua iliyoganda njiani kabla ya kufika chini. Katika nchi ambayo mvua huahidi hapa ikaenda kunyesha kwa wengine, naelewa kwa nini watu walitaka kuamini kwamba angalau wameipata ikiwa jiwe. Basi walidai mvua hiyo hukaa na baridi yake milele, na baridi huvuta joto la homa. Mtoto akiugua, mama yake alichukua jiwe akampitishia mwili mzima, kuanzia utosini, machoni, kifuani, tumboni, hadi kwenye nyayo. Alfajiri alilipeleka njia panda, akalitupa nyuma kwa juu ya bega, akarudi nyumbani bila kugeuka. Maradhi yamehamia kwenye jiwe. Atakayeliokota, ameyaokota.

Hakuna aliyethubutu. Wanaume wenye ndevu zao, waliosimulia kila siku namna walivyomfukuza fisi kwa fimbo tupu, walifika njia panda ile wakazunguka kwa kupita kwenye miiba. Ng'ombe wao walipita katikati wakiyakanyaga mawe yale, na sikupata kusikia ng'ombe ameugua surua. Nilimwambia hilo mzee mmoja nikiwa darasa la tatu. Alisema nina mdomo mrefu na sitapata mume, akamshitaki baba yangu kwamba hanifundishi adabu.

Aliyekuwa akiyaokota ni Shangazi Zaina, dada mkubwa wa baba. Alibatizwa Monika, akaolewa na Mwislamu wa Itigi akawa Zaina, na mume alipomwacha akarudi nyumbani na jina lake jipya, hakulibadili tena. Alikuwa amezaa watoto watatu na kuwazika wote watatu. Mimi nilipelekwa kwake nikiwa na miaka mitano, nimwondolee upweke na nimtekee maji. Ndiyo desturi, na mtoto haulizwi.

Asubuhi alipita njia panda akienda kisimani, akarudi na ndoo kichwani na jiwe kwenye pindo la kanga. Aliliosha kwa majivu, akalikausha, akalitia kwenye kapu. Jioni, jua likingali juu, aliyamwaga yote kwenye ngozi ya ng'ombe uani akayapanga moja moja, akiyafuta kwa kiganja. Huyu ni mwanamke aliyekuwa na neno chungu kwa kila mtu, na kwangu mawili. Akikaa na mawe yake alipoa, hata sauti yake ikawa nyingine.

"Hili ni la homa ya mtoto wa Mama Yakobo," alinionyesha. "Hili ni la tumbo la mwenyekiti. Alikuja kulitupa mwenyewe, amejifunika shuka kichwani, akadhani simjui kwa miguu yake."

Kisha alipokwenda kulala alichukua moja akaliweka chini ya shavu. Tulilala ngozi moja, na sikumbuki usiku ambao jiwe la mtu fulani halikunichoma mbavu. Nilikuwa nikilala na kuhara kwa jirani na jipu la balozi wa nyumba kumi, nikaamka mzima, nikaenda shule. Ushahidi gani mwingine waliutaka wale watu?

Nilipofika darasa la nne nilimwuliza anayataka ya nini.

"Natafuta moja," alisema.

"Lipi?"

"La Juma."

Juma alikuwa mtoto wake wa mwisho, aliyeugua surua akiwa bado hajaachishwa ziwa. Shangazi alimpitishia jiwe mwili mzima, akalipeleka njia panda, akalitupa, akarudi bila kugeuka kama alivyofundishwa. Jua lilipofika utosini mtoto alikuwa amekufa. Baada ya kuzika ndipo alipokumbuka kwamba jiwe lile ndicho kitu cha mwisho kilichomgusa Juma mwili wote akiwa hai. Alfajiri iliyofuata akarudi kulitafuta. Njia panda alikuta mawe zaidi ya kumi, yote meupe, yote yamelowa umande, na hakulitambua. Nani hulitazama jiwe wakati mtoto anaungua mikononi? Aliyachukua yote. Tangu hapo, kila mvua ilipofukua jingine mchangani, na kila mtu alipotupa jipya, alilichukua pia, lisije likawa lenyewe limejichanganya humo.

Nilisikiliza hayo yote, nikiwa na akili zangu timamu, na nikamwambia, "Sasa si uchague moja tu useme ndilo? Yote ni mawe."

"Una akili nyingi, Eliza," alisema, akaendelea kupanga.

Nilidhani amenisifu.

Shuleni tulikuwa na mwalimu kijana, Mwalimu Petro, aliyetoka mbali na aliyechana nywele kila siku. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba maradhi huletwa na vijidudu, na kwamba maji ya kunywa yachemshwe. Alitamka neno "vijidudu" kwa namna ambayo ilinifanya nitake kuwa muuguzi siku hiyohiyo. Lakini kwenye dawati la watoto watatu nilikaa peke yangu. Wenzangu walikataa kunigusa, maana ninalala na kapu la maradhi. Mwalimu aliwagombeza, wakaitikia kwa pamoja kwamba wameelewa, kisha wakahamia dawati jingine. Niliyabeba madharau yao mchana, nikayapeleka nyumbani jioni nikamtwika Shangazi. Hivyo ndivyo dharau inavyofanya kazi, haikai kwa mtu mmoja.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijijini. Tuliokaa tumetawanyika, huyu na nyumba yake ya tembe huku, yule kule kwenye mlima, tulitakiwa sote tukae kando ya barabara katika nyumba zilizopangwa mistari, tulime pamoja, tujenge shule na zahanati. Viwanja viligawiwa mkutanoni. Jina la Shangazi lilisomwa katika mstari wa tatu, karibu na shule, na moyo wangu ukaruka. Kisha Mama Yakobo akasimama. Ndiye aliyekuwa amepewa kiwanja cha jirani.

"Mimi sikatai kijiji," alisema. "Ila sikai na kapu lile. Homa tulizozitupa kule, yeye anatuhamishia huku?"

Watu wakaguna kwa kukubali. Mwenyekiti alikuwa ametoka kuhutubia kwa kirefu kwamba ushirikina ni adui wa maendeleo kama ulivyo ujinga. Nilimngojea. Huyu ndiye mwenye tumbo, yule wa shuka kichwani. Alikohoa, akatazama kapu lililokuwa miguuni pa Shangazi, akasogea hatua moja nyuma.

"Mama Zaina," alisema, "ukija bila hilo kapu, kiwanja chako kipo. Ukija nalo, utajenga ng'ambo ya korongo."

Ng'ambo ya korongo hakukuwa na mtu. Mvua ikinyesha korongo lile lilijaa na kukata njia kwa siku mbili, hata tatu. Shule ilikuwa upande huu.

"Nitajenga ng'ambo," alisema Shangazi. Hakuomba hata dakika ya kufikiri.

Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye siku ile. Watu wote walikuwa wanaanza upya. Pale ndipo ningepata jirani, dawati, mtoto wa kucheza naye rede, na yeye ameviuza vyote kwa kapu la kokoto. Tulijenga kibanda chetu ng'ambo, sisi wawili, na sikusema naye ila pale nilipotumwa.

Mwezi mmoja au miwili baadaye ujenzi wa zahanati ulianza, kwa kujitolea. Wanaume walichimba msingi, wanawake walileta maji, na wanafunzi tuliambiwa kila mmoja alete mawe na kokoto. Wakati huohuo Shangazi alirudi kwenye makazi yetu ya zamani kuvuna uwele tuliouacha shambani. Angelala huko siku tatu.

Nilitumia debe, si kapu, maana kapu lile kila mtu alilijua. Nilivuka korongo mara nne. Nilipakaza mawe matope ili weupe wao usimshtue mtu, nikayamwaga shimoni pamoja na ya wenzangu, na fundi, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, akayafunika kwa saruji. Mwalimu Petro akasema mbele ya darasa, "Eliza peke yake ameleta madebe manne. Wote mngekuwa kama Eliza, zahanati ingekwisha kesho kutwa." Nakiri nilifurahi. Nilijiona nimeua ndege wawili kwa jiwe moja: nimemkomboa Shangazi kutoka kwenye upuuzi wake, na upuuzi wenyewe nimeufanya uzae kitu cha maana. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikumbuki siku nyingine nilipojiona mkubwa hivyo.

Shangazi alirudi siku ya tatu mchana. Alitua mzigo wa uwele, akanywa maji, akaingia ndani. Alitoka na kapu mkononi, limelegea.

"Yako wapi?"

"Kwenye msingi wa zahanati," nilisema. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi. "Yatawasaidia watu sasa."

Alikaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Wamekwisha kuyafunika?"

"Kwa saruji."

Nilingoja anipige ili yaishe, hakunipiga. "Upande gani?" aliuliza hatimaye.

"Wa barabarani."

Kesho yake, alipotoka shambani, alikwenda kwenye ule ukuta uliokuwa bado haujapita magoti, akakaa chini na kuuegemea kwa mgongo. Keshokutwa hivyohivyo. Ikawa ndiyo kazi yake ya jioni. Mafundi walimzoea, wakawa wanazunguka miguu yake. Niliona aibu mpya, maana zamani alikuwa akifanya vituko nyumbani, na sasa anafanya mbele ya shule nzima. Mama Yakobo hakuwa mjinga. Alipopita na kuni zake alisimama akauliza, "Zaina, kapu lako siku hizi liko wapi?"

Shangazi alikuwa na kasoro nyingi, ila uongo hakuujua. "Mawe yamo humu," alisema, akapiga ukuta kwa kiganja.

Kufika jioni kijiji kizima kilijua. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyeyatia. Ya nini kuuliza? Zaina alinyimwa kiwanja, Zaina amelipiza kisasi, amechukua maradhi yetu yote akayazika chini ya zahanati yetu. Walikuja hadi ukingo wa korongo wakamtukana. Nilikuwa mlangoni, nimeshika mwiko. Shangazi aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akaniambia nikoroge mlenda usiungue. Hakusema "si mimi." Nami sikusema "ni mimi."

Zahanati ikaisha, ikapakwa chokaa, akaletwa dresa mmoja mpole aliyekuwa na koti jeupe na sanduku la dawa. Hakuenda mtu. Watu waliokuwa wakilalamika kwamba wanatembea nusu siku kutafuta kidonge, kidonge kilipowekwa mlangoni pao wakaamua kwamba kutembea hakukuwa kubaya. Mwenyekiti mwenyewe, tumbo lilipomrudia, alipanda baiskeli akaenda Ikungi, na njiani akimkuta mtu anasema anafuata mbegu. Ungewacheka. Mimi niliwacheka, mwanzoni. Halafu ikanijia taratibu kwamba mimi, nisiyeamini kitu, mpenzi wa vijidudu, ndiye niliyeifunga zahanati ile. Kama ningeyatupa mawe yale bondeni wasingejua lolote. Nilitaka kuonyesha akili zangu.

Kisha ikaja surua.

Ilianzia kwa watoto wa mstari wa kwanza, ikapanda. Siku ninayoikumbuka ilikuwa saa ya mapumziko ya mchana, nami niliona yote kwa sababu zahanati na shule vilitazamana. Mama Yakobo alikuja na kitinda mimba wake mgongoni, Neema, wa kama miaka miwili. Alifika uwanjani pa zahanati akasimama. Dresa akatoka, akamwita kwa upole. Mama Yakobo akarudi nyuma. Dresa akasema basi atamtibu hapohapo nje, ataleta sindano. Akajibu, "Dawa yako yenyewe imelala juu ya mawe yale." Na bado hakuondoka. Alisimama kwenye jua, anampigapiga mtoto mgongoni, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyumbani. Wanawake wengine walianza kukusanyika kwa mbali.

Shangazi alikuwa mahali pake, mgongo ukutani. Aliinuka.

"Ana siku ngapi?"

Mama Yakobo hakuwa amezungumza naye tangu ile siku ya matusi. "Ya nne," alisema.

"Anapumua hivyo tangu lini?"

"Tangu alfajiri."

Shangazi alimtazama mtoto. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, hata mimi niliziona. Kisha akanigeukia. "Eliza, niletee kapu."

Nilikimbia ng'ambo nikarudi nalo. Aliwaambia wanawake wakae mbali, nao hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Akaanza kwenye pembe ya kwanza ya zahanati. Alipitisha kiganja ukutani, kutoka juu anapofikia mkono, akashuka nacho taratibu hadi chini, kama mtu anavyompitishia mgonjwa jiwe. Alipofika chini aliinama akaokota kitu akatia kapuni. Akaenda pembe ya pili, ya tatu, ya nne, na kila pembe alifanya vilevile. Nilikuwa karibu, niliona alichookota. Ni kokoto walizosaza mafundi, na kipande cha tofali.

"Nimeyatoa," alisema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Niliyatia mimi, nimeyatoa mimi. Humu hamna kitu tena."

Huo ndio uongo wa kwanza niliopata kumsikia akisema, na aliusema mara mbili kwa mpigo.

Alijitwika kapu akaenda pale njia ya Issuna inapokutana na barabara, sisi tukimfuata kwa mbali. Alisimama akiipa njia panda mgongo, uso wake kwetu. Akatupa kwa juu ya bega, moja, moja, mpaka kapu likaisha, kisha akalitupa na kapu. Halafu akaondoka. Ilimlazimu kupita mbele ya zahanati ili afike korongoni, na alipita akiwa ametazama mbele, mkono wake karibu kabisa na ule ukuta, na hakugeuza shingo. Ninyi hamkumjua mwanamke yule. Maisha yake yote tangu Juma yalikuwa ni kurudi kwenye kitu alichokitupa.

Mama Yakobo alingoja mpaka Shangazi amezama korongoni. Ndipo akaingia mlangoni na mtoto. Neema alichomwa sindano za kifua siku ile na siku zilizofuata, akapona, na wa mstari wa kwanza wakaletwa, na wa pili. Wawili walikuwa wamekwisha kufa kabla ya hapo. Hao wawili nawajua majina yao na sitayaandika.

Ungedhani Shangazi angerudi kukaa penye ukuta wake siku watu walipotulia. Hakurudi. Nilimwuliza baada ya wiki kadhaa, kwa sababu jioni zake zilikuwa tupu na alikuwa akikaa na mikono juu ya mapaja hajui aifanye nini.

"Nikienda watasema nimeyafuata," alisema. "Watakimbia tena."

"Lakini yamo mle, Shangazi. Hata la Juma limo mle."

"Najua," alisema. "Zamani sikujua liko wapi. Sasa najua."

Watu walimsamehe, kwa lile ambalo hakulifanya, na wakampa kiwanja katika mstari wa tatu. Mama Yakobo alimletea kibuyu cha maziwa. Mwenyekiti alimtolea mfano mkutanoni, mwananchi aliyejikosoa. Nilikuwa nimekaa mbele na watoto wenzangu, dawati langu sasa lina watu watatu, na nilipiga makofi pamoja nao. Niliwadharau wote waliopiga makofi yale. Naona sasa kwamba hesabu yangu ilikuwa na upungufu wa mtu mmoja.

Nilikua, nikasomea uuguzi kama nilivyotaka, na serikali ikanipangia kijiji kilekile, zahanati ileile. Shangazi alikuwa amezeeka na kifua kimemshika. Nilimwomba aje alazwe pale angalau siku tatu nimtazame vizuri. Alikataa. Nilimwambia ni miaka mingi imepita, nani anakumbuka mawe. "Mama Yakobo anakumbuka," alisema, "na wakwe zake." Nikawa nabeba dawa na sindano kumpelekea nyumbani, natoka kwenye zahanati yenye vitanda kwenda kumtibu mtu kwenye ngozi ya ng'ombe, naye anainua mkono kwa utii kama mtoto. Alikufa kiangazi, asubuhi, mimi nikiwa kazini.

Wanawake walipokuwa wakimwosha niliingia chumbani kwake nikaanza kupekua. Nilikung'uta ngozi, nikainua jiwe la kusagia, nikapitisha vidole kwenye nyufa za ukuta na penye boriti. Nilichekecha majivu ya jikoni, nimevaa sare yangu nyeupe. Sikuamini kwamba hakubakisha hata moja. Mtu hufanya hivyo kweli? Anaacha yote yaende, hata lile la shavuni? Niliyafanya hayo mpaka wakaniita mara ya pili, na sikupata hata chembe. Nilitaka sana lingekuwepo moja. Ningelifanyia nini sijui.

Hadi leo kule kijijini husema Zaina aliwahi kutia maradhi kwenye msingi wa zahanati kwa kisasi, kisha Mungu akamlegeza moyo akayatoa. Hakutia, wala hakutoa. Nilifanya kazi miaka mingi ndani ya kuta zile, na mawe yake chini ya miguu yangu, nikijua yote mawili. Mwanamke mmoja kijana, nikimfunga kidonda cha mguu, alinisimulia habari hiyo mwanzo hadi mwisho kama mtu asiyejua anasema na nani, akamaliza kwa kusema wachawi wa zamani walikuwa wabaya, ashukuriwe Mungu wamekwisha. Nilimwambia atulize mguu, nikaendelea kufunga.